Pima Kwanza, Nunua Baadaye: Gari la Zamani Linapokosa Mafuta

Mazungumzo kwa wenye magari ya kazi na vijana wanaojifunza ufundi



Kila asubuhi, kabla ukungu haujaondoka mabondeni, magari ya zamani huwa tayari yako barabarani. Pikapu hubeba maziwa kutoka Mukurwe-ini. Nyingine huteremka kutoka Kieni na Naro Moru zikiwa zimejaa viazi na kabeji za soko la Karatina. Kuna magari madogo yanayopeleka watoto shuleni na wagonjwa hospitalini, na mengi kati yake yana umri mkubwa kuliko madereva wake. Gari la aina hiyo likizima njiani, hasara haimwangukii mwenyewe peke yake. Maziwa huharibika, mboga husinyaa juani, na mgonjwa hukosa zamu yake kwa daktari.

Shida moja huwasumbua wenye magari haya kuliko nyingi. Gari lina petroli tangini, lakini petroli haifiki kwenye injini kwa kiasi kinachotakiwa. Shida hii hutengenezwa ikarudi, ikatengenezwa tena ikarudi tena, hadi mwenye gari akaanza kuamini kuwa gari lake lina mkosi. Mazungumzo haya yanahusu namna ya kuitafuta shida hiyo kwa utaratibu, ili pesa za nyumbani zisiishie katika spea ambazo hazikuhitajika.

Pikapu iliyozimia mtoni Gura

Chukulia pikapu moja ya Peugeot 504, ambayo wengi huiita Pijo. Ufaransa ilianza kutengeneza 504 mwaka wa 1968. Gari hilo lilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka wa 1975, na tena mwaka wa 1978. Pikapu zake ziliunganishwa Mombasa, na kwa miaka mingi zilikuwa matatu, lori na ambulensi za vijiji vya mlimani. Baadhi bado zinafanya kazi, kwa kuwa chesisi yake ni imara na injini yake haina mambo mengi.

Pikapu hii huwaka vizuri asubuhi. Hutoka Othaya ikielekea mjini Nyeri bila shida. Lakini ikishateremka hadi mto Gura na kuanza kupanda upande wa pili, injini huanza kukohoa. Dereva akikanyaga mafuta zaidi, nguvu hupungua badala ya kuongezeka. Mwishowe injini huzima. Akingoja robo saa na kuzungusha starta kwa subira, huwaka tena kana kwamba hakuna lililotokea.

Mwenye pikapu amekwisha kununua plagi mpya. Amenunua pampu ya mafuta, na karabureta imefunguliwa na kuoshwa mara tatu. Fundi wa mwisho alifungua filta akakuta vumbi jekundu la kutu, akaibadilisha, na gari likaenda vizuri kwa siku chache. Wiki iliyofuata lilizima palepale mtoni Gura.

Mafundi hao hawakuwa wazembe. Kila mmoja alibadilisha kile alichokuwa amewahi kukiona kikileta shida kama hiyo. Ila hakuna aliyepima, na bila kipimo, ufundi hugeuka kuwa bahati nasibu inayolipiwa na mwenye gari.

Swali huja kabla ya spana

Fundi anayejua kazi yake huanza kwa kuuliza. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na gari nalo halina mdomo wa kujieleza. Ni mwenyewe anayejua lilianza lini, huzima likiwa la moto au baridi, na mlimani au tambarare.

“Mzee, hili gari huzima likiwa na mafuta kiasi gani?” fundi anauliza.

“Mimi huweka ya mia tano, kijana wangu. Nikirudi naongeza.”

“Na likiwa limejaa je?”

Mzee anafikiri kwanza. “Likiwa limejaa halijawahi kunizimia. Lakini ni nani anayejaza tangi siku hizi?”

Jibu hilo lina thamani kuliko spea zote zilizokwisha kununuliwa. Kama ubovu ungekuwa katika plagi au koili, kiasi cha mafuta tangini hakingeleta tofauti. Gari linalokwenda vizuri tangi likijaa na kuzima tangi likipungua linamwelekeza fundi nyuma, kwenye tangi na njia inayotoka humo.

Ili kuelewa kwa nini pikapu hii huzimia mlimani na si kwingine, yafaa kujua jinsi karabureta inavyofanya kazi. Ndani yake mna kibakuli kidogo kinachoweka akiba ya petroli. Katika barabara tambarare injini hunywa polepole, na hata mafuta yakija kwa uchache kibakuli hakikauki. Katika kupanda, injini hunywa zaidi ya kinachoingia, akiba huisha, na injini huzima. Gari likisimama, matumizi nayo husimama. Starta inapozungusha injini, pampu hujaza kibakuli kidogo kidogo, na gari huwaka. Kwa hiyo gari kuwaka baada ya kupumzika si ushahidi kwamba limepona.

Vipimo vitano, kimoja baada ya kingine

Maji hufuata mkondo, na petroli ni vivyo hivyo. Hutoka tangini, hupita kwenye bomba, huvuka filta, huingia kwenye pampu, kisha karabureta, kisha injini. Fundi huufuata mkondo huo hatua kwa hatua, na kila kipimo huondoa mshukiwa mmoja.

Kipimo cha kwanza ni cheche. Gari linapozima, papo hapo kabla halijapoa, plagi hukaguliwa kama inatoa cheche. Koili iliyochoka huweza kukata umeme ikipata moto na kurudi ikipoa, na dalili zake hufanana sana na za ukosefu wa mafuta. Kipimo hiki hufanywa kabla ya mpira wowote wa petroli kufunguliwa, kamwe si baadaye, kwa sababu cheche na mvuke wa petroli havipaswi kukutana. Katika pikapu hii cheche ilikuwa nzuri.

Kipimo cha pili ni pumzi ya tangi. Petroli ikitoka tangini, hewa lazima iingie kuchukua nafasi yake. Kitundu cha kupumulia kikizibwa na vumbi, tangi hujivuta lenyewe na petroli hukataa kutoka. Gari linapozima, kifuniko hufunguliwa. Sauti ya hewa ikiingia kwa nguvu, na gari likaendelea na safari vizuri, basi dawa ni kusafisha kitundu au kubadilisha kifuniko, kazi isiyo na gharama kubwa. Katika pikapu hii hapakuwa na sauti.

Kipimo cha tatu ni mtiririko. Mpira unaoingia kwenye karabureta hutolewa na kuelekezwa kwenye chupa safi, umeme wa koili ukiwa umekatwa, kisha msaidizi huzungusha starta. Pampu nzima hutema petroli kwa mapigo yenye nguvu na ya kufuatana. Mafundi wenye geji hupata jambo la uhakika zaidi, kwani pampu nyingi za magari ya karabureta hutoa kati ya pauni 3 na 5 za shinikizo kwa inchi mraba. Katika pikapu hii petroli ilitoka kwa kusitasita, ikichanganyika na povu.

Kipimo cha nne ni mtungi. Mpira unaoleta mafuta kwenye pampu hutolewa, na mwingine safi huunganishwa kutoka pampu hadi mtungi mdogo wa petroli uliofungwa vizuri mahali pa chini, mbali na moto wa injini. Sasa pampu ileile ilitema petroli kwa nguvu, bila povu. Kwa dakika chache hizo ikajulikana kwamba pampu mpya iliyonunuliwa haikuwa na kosa, na pengine hata ile ya kwanza haikuwa nalo. Ubovu ulikuwa nyuma ya pampu.

Kipimo cha tano ni cha macho. Kipande cha mpira unaopitisha mwanga huwekwa kwa muda mfupi kabla ya pampu, ili fundi aone kinachopita. Injini ilipowashwa, viputo vya hewa vilionekana vikikimbia pamoja na petroli. Bomba lilikuwa likivuta hewa.

Ufa usiovuja

Hapa ndipo mafundi wengi walipopotea. Waliangalia chini ya gari wakitafuta tone la petroli, wakakuta pakavu, wakasema bomba ni zima. Lakini katika gari ambalo pampu yake iko mbele kwenye injini, njia yote kutoka tangini haisukumwi bali hufyonzwa. Ufa mdogo katika sehemu inayofyonzwa hauvujishi petroli nje. Huingiza hewa ndani. Ni sawa na mtu anayekunywa soda kwa mrija uliotoboka: hakuna kinachomwagika mezani, lakini mdomoni hufika hewa zaidi ya soda.

Ufa ulikuwa katika kipande kifupi cha mpira kinachounganisha tangi na bomba la chuma. Ulijificha chini ya klipu, mahali ambapo mpira ulikuwa umekakamaa kwa uzee. Tangi likijaa, uzito wa mafuta ulisaidia kusukuma petroli, na mfyonzo ukawa mdogo. Mafuta yakishuka na gari likielekea juu, pampu ililazimika kuvuta kwa nguvu, na hewa ikaona njia rahisi zaidi.

Mwinuko wa eneo hili nao una sehemu yake. Mji wa Nyeri uko takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni kama asilimia 82 tu ya ile ya Mombasa. Pampu inayofyonza hutegemea kanieneo hiyo kusukuma petroli kutoka tangini, kwa hiyo huku juu ina msaada mdogo. Petroli pia hugeuka mvuke kwa urahisi zaidi katika mwinuko, hasa bomba likipita karibu na ekzosi, na mvuke ukijaa ndani ya bomba huzuia mafuta. Ubovu mdogo ambao gari lingeuvumilia huko pwani huweza kulisimamisha hapa mlimani.

Ile kutu katika filta haikuwa uongo. Tangi lililokaa nusu tupu kwa miaka, katika baridi ya Juni na Julai, hukusanya unyevu kwenye kuta zake za ndani na kushika kutu. Pikapu hii ilikuwa na maradhi mawili, na dawa ya moja ilificha lingine kwa siku chache. Ndiyo maana fundi makini hafungi boneti anapopata kosa la kwanza. Hurudia kipimo cha mtiririko, na akiona bado kuna povu, huendelea kutafuta.

Matengenezo yenyewe yalikuwa madogo. Tangi lilishushwa na kuoshwa, filta ikawekwa mpya, na vipande vyote vya mpira vikabadilishwa, hata vile vilivyoonekana vizima. Mpira uliotumiwa ni ule uliotengenezwa kwa petroli. Mpira wa maji, ambao huwekwa na watu wengi kwa kuwa ni rahisi, huvimba na kuoza ndani kwa ndani ukiguswa na petroli, na vipande vyake huenda kuziba karabureta. Baada ya hapo pikapu ilipanda kutoka Gura ikiwa na robo tangi na mzigo kamili.

Magari yenye pampu ndani ya tangi

Magari mengi ya zamani yanayoonekana sasa Nyeri, Karatina na Nanyuki si ya karabureta tena. Ni Toyota na Nissan za miaka ya tisini na baadaye, ambazo pampu yake ni ya umeme na imezama ndani ya tangi. Kanuni ni ileile ya kufuata mkondo, lakini dalili hugeuka.

Katika magari haya petroli husukumwa kutoka nyuma, tena kwa nguvu, mara nyingi karibu na pauni 40 kwa inchi mraba. Ufa katika bomba hapa huvuja nje, na harufu ya petroli ndani ya gari ni onyo la hatari ya moto, si jambo la kuvumiliwa hadi mwisho wa mwezi.

Swichi inapofunguliwa kabla ya kuwasha, pampu husikika ikinguruma kwa sekunde chache katika baadhi ya magari ya aina hii. Ukimya katika magari hayo humwelekeza fundi kwenye fyuzi, rilei na waya kabla ya kushuku pampu yenyewe. Pampu isiyopata volti za kutosha kwa sababu ya waya wenye kutu hufanana kabisa na pampu iliyokufa. Mita ndogo ya umeme huonyesha tofauti hiyo mara moja, na mpya iliyonunuliwa bila kipimo hicho itakataa vilevile.

Desturi ya kuweka mafuta ya mia mbili ina gharama yake hapa pia. Pampu iliyozama hupozwa na petroli inayoizunguka. Gari linaloendeshwa kila siku taa ya mafuta ikiwaka huichosha pampu kwa joto, na huifanya ifyonze uchafu uliotulia chini ya tangi. Si kila mwenye gari anayeweza kujaza tangi, na hilo linaeleweka. Lakini kutoruhusu mafuta kushuka chini ya robo kunawezekana kwa wengi, na hakuongezi matumizi kwa mwezi.

Petroli yenyewe

Wakati mwingine njia yote ni safi na kosa liko ndani ya mafuta. Kwa miaka mingi walaghai nchini walichanganya petroli na dizeli na mafuta ya taa, yaliyokuwa ya bei ya chini. Mwaka wa 2018 serikali ya kitaifa iliweka ada ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya ulaghai huo. Bei za juu kabisa za mafuta hutangazwa na mamlaka ya EPRA tarehe 14 ya kila mwezi. Petroli inayouzwa kando ya barabara kwa bei ya chini mno kuliko hiyo inapaswa kumtia mnunuzi shaka.

Gari likianza kukohoa siku ileile lilipowekwa mafuta, fundi huchota kidogo katika chupa ya kioo na kuiacha itulie. Maji hushuka chini na kuonekana kama tabaka la pekee. Mafuta ya taa hayaonekani kwa urahisi hivyo, na ndiyo sababu risiti ya kituo cha mafuta ni vyema ihifadhiwe. Bila risiti, malalamiko hayana pa kuanzia.

Uhai kabla ya gari

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, hukusanyika katika shimo la gereji, na huweza kufikia jiko au sigara iliyo mbali na gari. Kazi yote iliyoelezwa hapa hufanywa nje penye upepo, injini ikiwa imepoa inapowezekana, na kizima-moto kikiwa karibu. Petroli haifyonzwi kwa mdomo kamwe, kwani kiasi kidogo kikiingia mapafuni huweza kuua. Chupa ya petroli inayoning’inizwa juu ya injini ili gari lifike nyumbani imewaunguza watu wengi. Mtungi wa kipimo ni wa gari lililosimama, chini ya macho ya fundi.

Gari likizima barabarani, hasa katika barabara kuu ya Kenol, Sagana hadi Marua ambako magari huenda kwa kasi, abiria washuke na kukaa mbali na lami. Pembetatu za kuonya ziwekwe nyuma kwa umbali wa kutosha. Matawi ya miti yanayowekwa na madereva wengi hayarudishi mwanga usiku, na huachwa barabarani kuwa hatari kwa mwingine.

Haki ya mwenye gari, kazi ya fundi

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka vyuo vya ufundi vya vijijini mikononi mwa serikali za kaunti. Kijana anayetoka katika vyuo hivyo, au anayejifunza chini ya fundi wa jua kali, atakutana na gari la zamani siku yake ya kwanza kazini. Akijua kupima, atajenga jina. Akijua kubadilisha tu, atapoteza wateja mmoja mmoja.

Mwenye gari naye ana haki ya kuuliza swali moja kabla ya kutoa pesa: “Fundi, umejuaje kwamba ni hiki kilichoharibika?” Fundi mwenye jibu ataonyesha chupa, geji au mita. Asiye na jibu ataombwa, kwa heshima, apime kwanza. Na kila spea inayotolewa irudishwe kwa mwenyewe, na tarehe iandikwe katika daftari linalokaa ndani ya gari. Daftari hilo humzuia fundi wa nne kurudia kazi ya wa kwanza.

Mzee wa Othaya alitumia pesa za pampu, plagi na karabureta kwa ubovu wa kipande cha mpira kisichofika urefu wa kiganja. Jirani yake anayelisikia jambo hili leo hana haja ya kulipia funzo hilo mara ya pili.